Lupita hakuokotwa
Juzi saluni, hapa Area C Dodoma, binti aliyekuwa anasukwa twende kilioni alisema mwigizaji Lupita Nyong'o “aliokotwa tu” akapewa Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu ya Marekani. Si kweli, na inaniuma, maana wasichana wetu wanaotamani kuigiza wanaamini hivyo.

Lupita, aliyezaliwa Mexico mwaka 1983 na kukulia Kenya, alicheza Juliet jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, yeye alikuwa mtu wa kutumwatumwa nyuma ya kamera. Mwaka 2009 akaonekana kwenye tamthilia ya runinga ya Shuga, akatoa na filamu yake mwenyewe kuhusu ualbino. Kisha akarudi darasani, Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, miaka mitatu mizima ya kusomea uigizaji! Oscar yenyewe ilikuja Machi 2014.