Je, wajua? Fayamani wa treni Marekani aliweza kutimiza siku 48 ndani ya mwezi mmoja

Mwezi wa Aprili una siku 30, na hakuna wa kulibishia hilo. Lakini katika hesabu za malipo za reli za Marekani, enzi za injini za mvuke, fayamani wa treni ya abiria aliweza kuumaliza Aprili akiwa na siku 48 za kazi, zote halali na zote zimelipwa, huku nusu ya mwezi ameshinda nyumbani kwake.

Kwa asiyelijua neno: fayamani si zimamoto. Ni kinyume chake kabisa. Ndiye aliyekaa na dereva kwenye kichwa cha treni, kazi yake kuhakikisha moto hauzimiki: kutupa makaa tanuruni kwa beleshi, kuchungua maji ya boila, kulinda presha ya mvuke. Baadaye injini kubwa zilifungwa mashine ya kusukuma makaa, na huku kwetu Afrika Mashariki injini za Garratt, kama zile zilizomo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi, zilichoma mafuta mazito, hivyo fayamani wake alishika valvu badala ya beleshi. Cheo kilibaki kilekile.

Sasa nikiri kosa langu, maana ndilo lililonileta hapa. Kwa miaka nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sheria ya Marekani ya 1916, ile iitwayo Sheria ya Adamson, ilimwamuru mwenye reli amwachie fayamani aende nyumbani saa 8 za kazi zikitimia. Nilibishana na mwenzangu ofisini juu ya jambo hili, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Chai ya siku ile nililipa mimi.

Sheria hiyo haikumzuia mtu kufanya kazi zaidi ya saa 8, wala zaidi ya 12. Aliyeweka ukomo ni sheria nyingine, ya 1907, nayo ukomo wake ulikuwa saa 16 mfululizo, kisha mapumziko ya saa 10. Ya 1916 ilisema jambo dogo zaidi, na la ajabu zaidi: saa 8 zihesabiwe kuwa kipimo cha siku moja *kwa ajili ya kukokotoa malipo*. Kipimo tu. Fayamani aliyekuwa porini na treni ya mizigo saa yake ya tisa ya kazi alibaki porini na treni yake. Kilichobadilika ni kile ambacho karani angeandika.

Na kosa langu lilikuwa na kosa jingine ndani yake. Nilidhani "siku" ya reli ni kipande cha saa. Haikuwa hivyo kabla ya 1916, na haikuwa hivyo baadaye. Siku ilipimwa kwa maili.

Kabla ya sheria, kanuni iliyoenea kwenye treni za mizigo ilikuwa maili 100 au saa 10. Maili 100 ni kilomita 160 hivi, yaani unatoka Dar es Salaam na hujafika Morogoro. Ukimaliza maili zako 100, umemaliza siku, hata kama jua halijafika utosini. Ukikwama njiani, saa ndizo zinazokuokoa: zikipita 10, unaanza kudai ovataimu. Chochote kilichomfaa mfanyakazi zaidi kati ya hivyo viwili ndicho kilicholipwa.

Aliyekulia karibu na mashamba atalielewa hili haraka kuliko aliyekulia ofisini. Ni ngwe. Unapimiwa kipande chako cha kulima, na "siku" yako ndiyo hiyo ngwe. Mwenye mkono mwepesi anaimaliza saa nne asubuhi, anapiga jembe begani na kuondoka, na nyapara hana la kusema. Mzito anakutwa na jua la alasiri, naye atapata siku ileile moja. Sasa fikiria nyapara mwenye saa mkononi, ambaye anasema: ngwe ni ngwe, lakini ikiwa ardhi ni ngumu ukapitisha saa 10 bila kumaliza, kila saa inayozidi nitakulipa juu yake. Hiyo ndiyo kanuni ya reli, yote. Maili ni ngwe, na saa ni fidia ya ardhi ngumu.

Kwa nini 100 na 10? Kwa sababu maili 100 ukizigawa kwa saa 10 unapata mwendo wa maili 10 kwa saa, na treni za mizigo za karne ya 19 zilikuwa zikijikongoja karibu na hapo, kusimama kote kukiwemo. Ngwe ilikatwa sawa na nguvu ya mlimaji wa wakati ule. Halafu injini zikaongezeka nguvu, ngwe ikabaki ilivyo.

Sheria ya Adamson iliibadilisha saa 10 kuwa saa 8 na kuacha ujira wa siku palepale. Sasa gawa tena: maili 100 kwa saa 8 ni maili 12.5 kwa saa. Hiyo ni kilomita 20, mwendo wa baiskeli ya muuza mkaa kwenye barabara tambarare. Treni iliyokwenda polepole kuliko baiskeli hiyo ilianza kumwingizia fayamani ovataimu saa mbili mapema kuliko zamani. Iliyokwenda kasi zaidi haikumwongezea hata senti, maana maili zake 100 zilikuwa zikiisha kabla ya saa 8 tangu hapo. Kwa maneno mengine, sheria iliyoingia vitabuni kama ushindi wa saa 8 ilikuwa nyongeza ya mshahara kwa watu wa treni za polepole.

Wapinzani wake waliliona hili mapema kuliko mimi. Rais Woodrow Wilson aliitia saini tarehe 3 Septemba 1916, siku moja kabla ya mgomo wa vyama vinne vya wafanyakazi wa treni, na wenye reli wakakimbilia mahakamani wakidai kwamba hii si sheria ya saa bali ya mishahara. Mahakama ya Juu ya Marekani iliipitisha Machi 1917 kwa majaji 5 dhidi ya 4. Na hata ovataimu yenyewe ililipwa kwa kiwango cha kawaida, saa kwa saa. Ile ya mara moja na nusu ilikuja mwishoni mwa 1919, wakati serikali ndiyo iliyokuwa ikiziendesha reli.

Mfano mmoja wa mizigo, tuuone karibu. Safari ya maili 125. Ukiifanya kwa saa 7, unaandikiwa maili 125, yaani siku moja na robo. Ukiifanya kwa saa 10, ni zilezile 125, kwa sababu 125 kwa mwendo wa 12.5 ndizo saa 10 kamili. Ukitumia saa 12, unaongezewa saa 2 za ovataimu. Na safari ya maili 60 tu ikikuchukua saa 9? Siku nzima ya maili 100, na saa moja juu.

Treni za abiria zilikuwa na ngwe nyepesi zaidi: maili 100 au saa 5. Hapo ndipo siku 48 zinapotokea. Chukua treni ya maili 160 inayotumia saa 4. Kwenda ni siku 1.6. Kurudi jioni ni 1.6 nyingine. Siku 15 za kalenda za namna hiyo zinatoa maili 4,800, na hizo ndizo siku 48. Sikuichagua namba hiyo kwa kupendeza macho: mikataba na kanuni za vyama ziliweka kikomo cha maili kwa mwezi ili kazi iwafikie wengi, na mara nyingi kikomo cha abiria kilikaa karibu na 4,800 na cha mizigo karibu na 3,800. Kila reli ilikuwa na mkataba wake, kwa hiyo usiichukue namba hii kama msahafu.

Kinyume chake tunakijua huku. Kipande cha mashamba ya mkonge Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30, na siku ilijazwa kwa kazi iliyokamilika tu, kwa hiyo "mwezi" mmoja wa kadi uliweza kuvutika hadi miwili ya kalenda. Mmarekani alibana siku 48 ndani ya mwezi, mkata mkonge alitandaza siku 30 kwenye miezi miwili.

Kama siku ni maili, basi aliyekupangia treni amekupangia mshahara. Fayamani hakupangwa kwa kupendwa: alipangwa kwa ukongwe, tarehe ya kuanza kazi. Wakongwe walijichagulia treni za abiria zenye kasi. Waliofuata waliingia kwenye mzunguko wa mizigo, wa kwanza kurudi wa kwanza kutoka, kama bodaboda kijiweni. Wapya walikaa kwenye orodha ya akiba, ambayo sioni jina bora kwake kuliko deiwaka: unasubiri kuitwa mtu akiugua. Na wa yadi, wa kupanga mabehewa huku na huko, walikuwa na maili chache na beleshi lilelile. Kiwango kilipanda pia kulingana na uzito uliokaa juu ya magurudumu yanayoendesha injini, jambo ambalo bado linanifurahisha: mtu analipwa kwa uzani wa chombo alichopanda.

Nguvu ya mpango huu inaonekana vizuri ulipovunjwa kwa makusudi. Chama cha Brotherhood of Locomotive Firemen and Enginemen hakikupokea weusi, lakini kisheria ndicho kilichowasemea mafayamani wote. Februari 1941 kilifunga mkataba na reli za kusini-mashariki kwamba weusi wasizidi nusu ya mafayamani katika kila aina ya huduma. Bester Steele, fayamani mweusi wa reli ya Louisville & Nashville, alikuwa kwenye mzunguko wa abiria. Aprili akaondolewa, na nafasi zikachukuliwa na weupe waliokuwa wadogo kwake kwa ukongwe. Alikaa siku 16 bila kazi, akapewa treni ya mizigo ya vituo vya karibu, kisha injini ya yadi: kila hatua kazi nzito zaidi na pesa pungufu zaidi. Alibaki na cheo chake na beleshi lake, lakini maili zilipotea. Wakili wake, Charles Hamilton Houston, alifika naye Mahakama ya Juu, na Desemba 1944 ikaamuliwa kwamba chama kinachowakilisha wote hakiruhusiwi kuwabagua baadhi yao.

Dizeli ilipokuja haikuwa na tanuru, ila mkataba wa 1937 ulimweka fayamani hata humo, kwenye injini za zaidi ya ratili 90,000. Wenye reli walilalamika kwa miaka. Tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile Martin Luther King alipohutubia Washington, Bunge lilipitisha sheria ya kulipeleka suala kwa wasuluhishi, na Novemba wakaamua kwamba takriban asilimia 90 ya nafasi za fayamani kwenye mizigo na yadi zingeweza kufutwa. Makubaliano ya 1972 yakamgeuza aliyebaki kuwa mwanafunzi wa udereva.

Maili zenyewe hazikufutwa, zilirithiwa na dereva. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 siku ya mizigo ilitolewa kwenye maili 100 ikapandishwa hatua kwa hatua hadi 108, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa 130. Gawa kwa saa 8: maili 16.25 kwa saa, kilomita 26. Muuza mkaa wetu angeanza kuhema.