Imani ndani ya ushauri nasaha: maswali na majibu

Je, ni sahihi mnasihi kuzungumzia imani na mteja wake?

Ni sahihi, na mara nyingi ni lazima, kwa kuwa mtu anayeomboleza au anayepambana na sonona haiachi imani yake nje ya mlango. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha madaktari wa magonjwa ya akili kilitoa tamko kwamba imani na desturi za kiroho za mgonjwa ziulizwe kama sehemu ya kawaida ya historia yake, na tamko hilohilo likamkataza daktari kutumia nafasi yake kueneza dini. Mnasihi huuliza; mwenye kujibu, au kunyamaza, ni mteja.

Mazungumzo hayo huendaje?

Daktari Christina Puchalski wa Marekani aliandaa katika miaka ya 1990 mwongozo mfupi wenye maeneo manne: mtu anaamini nini, imani hiyo ina uzito gani maishani mwake, ana jumuiya gani inayomshika mkono, na angependa mhudumu afanye nini na habari hizo. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, ingawa ndilo linalomwachia mteja usukani.

Tuchukue mfano wa mama aliyefiwa na mtoto, anayesema, "Mungu ameniacha." Mnasihi mwenye haraka atamwambia asiseme hivyo, au atamtajia aya ya kumfariji, na hapo mama atafunga mdomo. Mwenye uzoefu atauliza, "Umeanza kuhisi hivyo tangu lini, mama?" kisha atasubiri. Hasira kwa Mungu ni sehemu ya majonzi kwa watu wengi, nayo hupungua inaposikilizwa kuliko inapokemewa.

Je, imani humsaidia kila mtu?

Hapana. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ametofautisha njia mbili za kukabili shida kwa imani. Ya kwanza ni kumwona Mungu kuwa mwenza katika dhiki na kutafuta faraja kwa waumini wenzako. Ya pili ni kuamini kwamba ugonjwa ni adhabu au kwamba umelaaniwa, na hii huambatana na sonona na wasiwasi zaidi. Kwa hiyo kuuliza tu kama mtu anasali hakutoshi, maana watu wawili wanaweza kusali sala ileile, mmoja akainuka ametulia na mwingine akainuka na hatia nzito kuliko aliyopiga nayo magoti. Hatia ya namna hiyo inapogusa mafundisho ya dini yenyewe, mnasihi asijifanye shehe wala mchungaji; kwa ridhaa ya mteja, amshirikishe kiongozi wa dini anayeaminika.

Katika vikundi vya kusaidiana, imani huingiaje?

Kikundi kinachojulikana zaidi ni cha watu wanaoacha pombe, kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Hatua zake 12, ambazo wanachama huzifuata ili kuacha pombe, humtaja Mungu "kama tulivyomwelewa", maneno yaliyoacha nafasi kwa watu wa imani mbalimbali, hata kama wasio na dini bado huona lugha hiyo imewabana. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa programu za kuwaunganisha watu na vikundi hivyo husaidia kuacha pombe kabisa kwa kiwango sawa na tiba nyingine au zaidi.

Kikundi chenye watu wa dini tofauti kinahitaji makubaliano tangu kikao cha kwanza: kila mtu azungumzie yaliyompata yeye, asihubiri, wala asimwambie mwenzake kwamba angepona kama angekuwa na imani zaidi. Kauli hiyo ya mwisho imewafukuza wengi vikundini, na mwezeshaji aikatize palepale. Badala ya sala ya pamoja, dakika moja ya ukimya humwezesha kila mmoja kuomba, au kupumua tu, bila kulazimishwa.

Je, maombi yanaweza kuchukua nafasi ya dawa?

Hayawezi, na hakuna haja ya kuchagua kimoja. Anayesikia sauti zinazomwamuru kujidhuru, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na wanaomwombea waendelee kumwombea akiwa huko. Dawa za akili zisikatishwe ghafla kwa sababu mtu amejisikia nafuu baada ya maombezi. Kufunga nako kujadiliwe mapema na daktari, hasa kwa anayetumia lithiamu, dawa ya kudhibiti hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini unaweza kupandisha kiasi cha dawa hiyo kwenye damu hadi kiwango cha sumu.