Je, Wajua Kwa Nini Habari Huja Kipande Badala ya Kuja Nzima?

Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Mwanga, Kigoma. Watu watano sita wamesimama mikono nyuma, wanasoma kurasa za mbele bila kugusa kitu. Kila gazeti limetoa kichwa kikubwa chekundu, aya mbili za kuonjesha, kisha "Endelea ukurasa wa 4". Ukurasa wa 4 uko ndani, na ndani ni kwa mwenye hela. Simu nazo zina lao: mistari mitatu, halafu "soma zaidi". Kwa nini tusipewe habari yote kwa mkupuo mmoja?

Sababu kongwe kuliko zote ni gharama ya kusafirisha maneno, na mfano wake uko hapo hapo Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, pale Ujiji. Aliandika barua ndefu haswa, zenye homa, njaa, na vita vya Mtemi Mirambo wa Wanyamwezi vilivyomfungia njia Tabora. Lakini barua za wakati ule zilitembea kwa miguu hadi pwani, zikapanda meli, maana Zanzibar ilikuwa bado haijafikiwa na waya wa telegrafu. Zikifika penye waya, kila neno lilikuwa na bei yake. Herald ilitoa habari ya mkutano ule tarehe 1 Julai 1872, miezi zaidi ya saba baada ya tukio. Kesho yake New York Times ikachapisha muhtasari wa barua hizo, na humo yamo yale maneno maarufu ya Stanley: bila shaka wewe ndiye Daktari Livingstone?

Mgeni akifika kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, maneno hayo anayajua tayari. Ya Mirambo hayajui. Na ajabu ni kwamba Livingstone katika maandishi yake hakuitaja salamu hiyo, na Stanley mwenyewe alizichana kurasa za shajara yake zilizohusu siku ile. Kipande kimeishi zaidi ya miaka 150. Barua nzima zimebaki kwa watafiti.

Magazeti yalikuja kujenga utaratibu mzima juu ya kukata. Kiini kinawekwa juu, yaani nani, nini, wapi, lini, halafu maelezo yanashuka kwa uzito wake hadi mwishoni kunabaki vikorombwezo. Nafasi ikibana, mhariri anafyeka mkia bila hata kumpigia mwandishi simu. Redio nayo inafanya hivyo kwa mdomo: kwanza muhtasari, kisha habari kwa ukamilifu, na mwenye haraka anajua aondoke saa ngapi.

Sababu ya pili ni biashara. Mwaka 1994 George Loewenstein, mchumi wa Marekani anayechunguza tabia za watu, alieleza kwamba udadisi huamka mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote hahangaiki. Aliyejua nusu ndiye anayetoa hela. Kwa hiyo anayeuza habari anakupa nusu, tena ile nusu inayowasha. Redio zetu zilipozoea kusoma magazeti asubuhi hadi undani wa habari, mauzo yakaingia mashakani, na serikali iliwahi kuvitaka vituo viishie kwenye vichwa tu. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni kichwa kinachosema "Alichokifanya huyu mama baada ya kugundua!" huku jina, mahali na kitendo vyote vimefichwa. Hapo hakuna muhtasari, kuna mtego.

Kwenye intaneti kazi ya kukata mara nyingi hufanywa na mashine, na mashine haijui kiini kiko wapi. WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi duniani, isipoelekezwa vingine hutengeneza muhtasari kwa kuchukua maneno 55 ya mwanzo. Basi. Kwa mwandishi aliyeanza na kiini, inatosha. Sasa tazama sisi tunavyoanza: "Habari za wakati huu ndugu zangu, ni matumaini yangu mu wazima wa afya. Kwa wale wanaopitia changamoto, Mungu awafanyie wepesi. Leo nimeona si vibaya tukakumbushana jambo moja muhimu ambalo wengi wetu tumekuwa tukilipuuzia." Maneno 33 yameshaliwa na jambo lenyewe bado halijatajwa. Simlaumu mwandishi, kwetu kuingia na hoja bila salamu ni utovu wa adabu. Ila muhtasari huo afadhali auandike kwa mkono wake, sentensi mbili tu, kuliko kuiachia mashine imkatie kabla jambo lenyewe halijakamilika.

Wenye tovuti wana sababu zao za kukata. Ukibofya "soma zaidi" wanahesabu umeingia, matangazo yanaonekana, na wezi wanaonakili makala nzima na kuiweka kwao wanapata ugumu kidogo. Pia makala kumi nzima zikipangwa kwenye ukurasa mmoja, msomaji atateremka hadi kidole kianze kuuma kabla hajaiona ya tatu.

Lakini upande wa msomaji kuna hesabu nyingine, ya bando. Makala ya maneno 700 ya Kiswahili ina uzito wa kilobaiti 5 hivi. Picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika megabaiti 2 au 3, yaani mara mamia. Maandishi ni bei ya kutupa; kinachokula bando ni ukurasa mpya unaofunguka na mapicha na matangazo yake kila unapobofya. Mtu aliyepakua makala nzima kabla ya kupanda treni Kigoma ataisoma hadi Tabora, hata pale mtandao unapokatika porini. Aliyepakua vipande atabaki na vichwa vya habari na hamu.

Ningekuwa mimi mpangaji, simulizi ndefu na uchambuzi ningevikata ukurasa wa mbele bila huruma, kwa sharti kwamba jibu la swali lililo kwenye kichwa limo ndani ya kipande. Matangazo ya msiba, bei za mazao na ratiba za safari ningeyaacha mazima. Maana tangazo linalosema "Abiria wote mnajulishwa kuwa meli itaondoka bandari ya Kigoma siku ya... soma zaidi" linamtaka mtu atumie bando kujua kama ni leo au Jumatano, na mzigo wake uko tayari kwenye toroli.