Friji ya mvinyo ni nini, na ipi itastahimili joto la Dar?

Sebule nyingi za Dar es Salaam zina chupa ya mvinyo iliyosimama kwenye kabati la vyombo, kando ya glasi za harusi, au juu kabisa ya friji. Imewekwa hapo kwa heshima, inangoja siku ya shughuli. Shangazi yangu alitunza yake miaka minne, mvinyo mwekundu wa Dodoma. Siku tulipoufungua ulinuka kama jamu iliyoungulia sufuriani. Iliniuma, kwa sababu kosa lake lilikuwa moja tu, mahali alipouweka. Juu ya friji ni pa moto kuliko pengine popote sebuleni, maana joto linalotolewa ndani hupandia huko huko.

Friji ya mvinyo ni jokofu lililotengenezwa kutunza chupa katika joto lisilobadilika, kwa kawaida nyuzi 12 au 13, mbali na mwanga mkali na mtikisiko. Shika hilo neno "lisilobadilika", ndilo linaloitofautisha na friji ya jikoni. Friji ya jikoni hukaa kwenye nyuzi 4 hivi, hufunguliwa mara ishirini kwa siku, na hewa yake ni kavu. Ukiweka mvinyo humo wiki mbili tatu hakuna neno. Ukiuacha mwaka mzima, kizibo cha gome la mti hukauka, husinyaa na kuruhusu hewa kupenya. Ndiyo maana pia rafu za friji ya mvinyo hulaza chupa: mvinyo ukigusa kizibo, kizibo hubaki na unyevu. Chupa za kifuniko cha kuzungusha hazina shida hiyo, hata zikisimama ni sawa.

Joto kupanda na kushuka kuna madhara yake. Mchana mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, usiku hupoa, husinyaa na kuvuta hewa ndani. Chupa inakuwa kama inapumua, na kila pumzi huingiza oksijeni inayouchakaza mvinyo. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar hufika nyuzi 31 au 32 mchana, na usiku wenyewe haupoi sana. Ukiwasha kiyoyozi jioni na kukizima asubuhi, chumba hupanda na kushuka zaidi kuliko kingeachwa hivi hivi.

Sasa ukienda dukani utakuta aina mbili zinazofanana kwa sura, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Ya kwanza hutumia kompresa, kama friji zote tulizozizoea: gesi husukumwa kwenye mabomba, hufyonza joto ndani na kulitupa nje. Ya pili haina kompresa. Ina kigae kidogo ambacho umeme ukipita, upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Hii ya pili ni kimya, haitikisiki, na mara nyingi ni ya bei nafuu. Inavutia kweli. Lakini uwezo wake hupimwa kutoka kwenye joto la chumba: mara nyingi hushusha nyuzi 10 hadi 15 tu, hasa chumba kikiwa cha moto. Fanya hesabu ya sebule ya Mbagala au Tegeta isiyo na kiyoyozi, nyuzi 32. Ili ufike 12 unahitaji kushusha 20. Haitafika. Feni itazunguka usiku kucha, yuniti za Luku zitakwisha, na mvinyo utabaki kwenye 18 au 20. Kwa Dar, mimi nasema nunua ya kompresa.

Hata kompresa nazo si sawa. Tafuta kibandiko ndani ya mlango au mgongoni, usome herufi za daraja la hali ya hewa. N maana yake friji imeundwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, na T, yaani ya tropiki, hadi 43. Yenye N, Januari yetu huifikisha mwisho wa uwezo wake. Dai ST au T. Muuzaji asipojua, msomee mwenyewe kibandiko.

Idadi ya chupa inayotangazwa ipunguze kichwani. Huhesabiwa kwa chupa nyembamba za mililita 750, za mabega yaliyonyooka. Chupa nene kama za shampeni hula nafasi, na iliyoandikwa 18 huenda ikabeba 14. Sehemu mbili za joto, ya mvinyo mweupe na ya mwekundu, zinafaa kwa anayekaribisha wageni mara kwa mara. Kwa kutunza tu, sehemu moja inatosha kabisa.

Mahali pa kuiweka pana uzito wake. Ile inayotolea joto mgongoni usiisukumize ndani ya kabati, itajipika yenyewe; ya kujengea kabatini hutolea joto mbele, chini ya mlango. Iepushe na dirisha la jua la jioni. Iunganishe kwenye friji gadi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa ndiyo huumia, na kile kifaa huisubirisha dakika chache kabla ya kuiwasha. Umeme ukiwa umekatika usifungue mlango. Chupa zilizojaa mvinyo wa baridi hutunziana ubaridi kwa saa kadhaa, kwa hiyo friji iliyojaa hustahimili kuliko yenye chupa tatu.

Kama unanunua chupa Ijumaa na kuimaliza Jumapili, huhitaji friji hii. Iweke kwenye friji ya kawaida, na ikiwa ni mvinyo mwekundu, itoe nusu saa kabla ya kumimina.