Bangili za Bibi na Tembo Asiyetajwa

"Mwanangu, tembo huyu alikufa hata mama yangu hajazaliwa. Sasa kosa langu mimi liko wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mtu mzima, tumeketi naye kwenye chumba cha mikusanyo cha makumbusho ninakofanya kazi, na afisa wa wanyamapori yuko pembeni. Mezani palikuwa na kipande cha khanga kuukuu, na juu yake bangili mbili pana za meno ya tembo, rangi ya samli, moja ina ufa mwembamba kama unywele. Zilikuwa za bibi yake aliyeolewa Bagamoyo. Siku ya kwanza alikuja na picha kwenye simu tu, bangili akaziacha nyumbani. Alifanya vizuri sana. Afisa aliitwa kwanza, ndipo vitu vikaja.

Nilimpa kioo cha kukuzia, nikamwambia atazame ukingo, pale jino lilipokatwa kwa upana. Akaona mistari myembamba inayopishana kama msuko wa ukili. Plastiki haina mistari hiyo, na mfupa wa ng'ombe huonyesha vitundu vidogo vyeusi. Hata mamothi, jamaa wa tembo waliotoweka zamani, ambao meno yao bado yanachimbwa Siberia, wana mistari inayokutana kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90; kwa tembo wa leo, mistari ya upande wa nje hukutana kwa pembe pana, zaidi ya nyuzi 115. Hizi zilikuwa za tembo, bila shaka yoyote. (Tafadhali usijaribu kukipima kitu kwa kukichoma na sindano ya moto. Inaunguza kitu na haikupi jibu la kutegemea.)

Watu wa pwani tumezoea kusema pembe, lakini ni jino, na karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu. Huwezi kulichukua zima ukamwacha mwenyewe akiendelea na malisho. Na kifo cha tembo kilikuwa mwanzo wa safari tu. Katika karne ya 19 meno yalibebwa mabegani mwa watu kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Kutoka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Wabebaji wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, wengine walikuwa watumwa. Kutoka Zanzibar mzigo ulikwenda Bombay, ambako mengi yalichongwa bangili za maharusi, na mwingine ukavuka bahari hadi Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya vibonye vya piano. Kule kuna mji unaoitwa Ivoryton, jina lililotokana na meno hayo hayo. Ninapoishika bangili ya namna hii, hao wote wamo ndani yake, na ninaona ni wajibu wa aliyeirithi kuwajua.

Basi nilimjibu yule mama kwamba kwa kifo cha tembo yule hana kosa. Mtu harithi dhambi ya babu yake. Lakini amerithi kitu ambacho bado kina nguvu ya kuua tembo wengine, na nguvu hiyo iko kwenye bei yake.

Biashara ya kimataifa ya meno ya tembo wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Tangu hapo neno "ya zamani" likawa kichaka cha kujificha. Jino jipya likichongwa na kupakwa rangi ya chai linageuka urithi wa familia. Bahati nzuri maabara zina njia ya kulikamata: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ikaingia kwenye majani na kwenye meno ya walao majani, na kwa kipimo hicho mwaka wa kufa mnyama unaweza kukadiriwa. Wanasayansi walipopima shehena zilizokamatwa sehemu mbalimbali za dunia, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba karibu meno yote yalitoka kwa tembo waliouawa ndani ya miaka mitatu tu kabla ya kukamatwa. Sisi Tanzania tulilipa gharama hiyo: mwaka 2009 tulihesabu tembo wapatao 109,000, na mwaka 2014 wakabaki kama 43,000.

Ndiyo maana siwezi kumshauri yeyote auze, hata kama ana shida ya ada za watoto, na najua shida hiyo ipo. Uingereza, ambako sheria yao ilianza kutumika Juni 2022, mtu anaruhusiwa kubaki na kitu cha urithi na hata kumpa mwanawe, ila kuuza ni marufuku isipokuwa kwa vitu vichache, mfano piano ya kabla ya 1975 yenye kiasi kidogo cha pembe. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Kwetu Tanzania Bara sheria ni kali zaidi. Meno ya tembo ni nyara, na kukutwa na nyara ya Serikali bila kibali kunaweza kukupeleka jela miaka 20. Kusema "nilirithi" hakuchukui nafasi ya hati. Kwa hiyo usikizungushe kitu mitaani kwenye mfuko wa rambo ukitafuta mtaalamu. Piga picha, uliza ofisi ya wanyamapori au mwanasheria kwanza, kitu kikae palipo.

Wapo wanaosema vichomwe. Kenya ilichoma tani 105 tarehe 30 Aprili 2016, nami nilielewa, maana serikali ilikuwa inaliambia soko kwamba mzigo ule hautafika kamwe. Lakini bangili mbili za bibi si ghala. Ukizichoma, tembo harudi, na ushahidi wa yaliyompata unapotea. Ninaliwaza siwa la Pate, baragumu kubwa lililochongwa kwa pembe, lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lililopigwa kwenye shughuli za watawala na sasa limehifadhiwa Lamu. Hakuna anayelitazama akauliza kilo ni shilingi ngapi. Huko ndiko ningependa vitu hivi vifike.

Ngozi za chui na vichwa vya wanyama vilivyokaushwa zamani vina jambo lake jingine: vingi vilipakwa arseniki kuzuia wadudu, kwa hiyo usivipanguse kwa mikono mitupu wala kuwaachia watoto. Ng'amba naye, kasa wa baharini ambaye gamba lake lilitengenezewa vitana na visanduku, yuko hatarini kabisa kutoweka. Ngoma ya ngozi ya ng'ombe haina tatizo, pigeni.

Yule mama aliamua bangili zibaki makumbusho, taratibu zikikamilika. Tukajaza fomu pamoja. Alinisimulia jinsi zilivyokuwa zikigongana bibi akikuna nazi, hata watoto wakijua chakula kimekaribia, na hilo nikaliandika. Tulipofika kwenye nafasi ya mmiliki wa kwanza nilikuwa nimeshaanza kuandika jina la bibi, akanizuia mkono.

"Hapo anza na tembo."

Nikaandika: tembo, mahali alipouawa hapajulikani. Chini yake nikaacha mstari kwa ajili ya aliyebeba, kisha jina la bibi.