Je, wajua kwa nini waandamanaji hupiga sufuria?

Usiku wa tarehe 19 Desemba 2001, Rais Fernando de la Rúa wa Argentina alitokea kwenye televisheni kutangaza hali ya hatari. Maduka yalikuwa yameanza kuvamiwa, na wenye akaunti benki walikuwa wamezuiwa kutoa zaidi ya peso 250 taslimu kwa wiki. Hotuba haijapoa, mlio wa bati ukaanza kusikika kwenye madirisha ya Buenos Aires. Mtaa ukajibu mtaa. Kisha watu wakashuka ngazi na sufuria zao, wakaelekea Plaza de Mayo, mbele ya ikulu. Kabla hakujapambazuka waziri wa uchumi, Domingo Cavallo, alikuwa amejiuzulu, na jioni yake rais mwenyewe akaondoka kwa helikopta.

Tusidanganyane, sufuria peke yake hazikumng'oa. Watu zaidi ya 30 waliuawa katika siku zile. Lakini kwa nini mtu aliyekasirishwa na benki akimbilie jikoni?

Majirani zao wa Chile walikuwa wameanza mapema. Tarehe 1 Desemba 1971, Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, akiwa bado ziarani nchini humo, wanawake waliandamana Santiago wakigonga sufuria tupu kulalamikia uhaba wa chakula chini ya Rais Salvador Allende. Wengi walitoka mitaa ya wenye nacho, na wapinzani wao waliwacheka kwamba sufuria hizo hawakuwahi kuzisugua wenyewe. Miaka 12 baadaye kelele ilihamia upande wa pili. Jenerali Pinochet alikuwa amempindua Allende, vyama vimepigwa marufuku, na kuandamana ni kujitafutia risasi. Wafanyakazi wa migodi ya shaba wakaitisha siku ya upinzani tarehe 11 Mei 1983: msipeleke watoto shule, msinunue kitu, na saa mbili usiku pigeni sufuria. Santiago ikavuma, vitongoji vya maskini na vya tabaka la kati kwa pamoja. Wachile waliolipa jambo hili umaarufu, kwa jina la cacerolazo, walilirithi kutoka kwa mahasimu wao.

Hapo ndipo siri yake ilipo. Anayepiga sufuria dirishani hatoki nyumbani. Askari aliye barabarani anasikia mlio kutoka madirisha mia, na mwangwi wa kuta za magorofa unamvuruga asijue aanzie mlango upi. Taa zikizimwa ndiyo kabisa. Ila jirani anasikia. Chini ya udikteta kila mtu hudhani amechukia peke yake, kwa kuwa hakuna anayethubutu kusema. Dakika tano za kelele zinamwonyesha kwamba ghorofa ya juu wamechukia, ya chini wamechukia, na yule mzee mpole wa ng'ambo ya barabara naye anao mwiko.

Halafu kuna ile methali yetu, debe tupu haliachi kuvuma, tunayomrushia mropokaji. Fizikia inaiunga mkono. Bati likipigwa hutetema, na mtetemo huo ndio sauti. Ukiijaza sufuria maharage, chakula kinauzima mtetemo, badala ya "ngaaa" unapata "dub". Sikio la binadamu nalo hunasa vizuri zaidi mitetemo ya kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na mlio wa bati umejaa sauti za kiwango hicho. Kwa hiyo sufuria ya mwenye njaa husikika mbali kuliko ya aliyeshiba. Huhitaji bango.

Belgrade, mji mkuu wa Serbia, waliitumia kwa ujanja mwingine. Majira ya baridi ya 1996 kuingia 1997, baada ya serikali ya Slobodan Milošević kufuta ushindi wa wapinzani katika chaguzi za mitaa, watu walisubiri taarifa ya habari ya televisheni ya taifa, saa moja na nusu jioni. Mtangazaji akifungua kinywa, wao wanafungua madirisha: sufuria, filimbi, vifuniko, hadi taarifa imezwe na kelele. Februari Milošević alisalimu amri na kuyatambua matokeo.

Myanmar, siku moja baada ya mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 1 Februari 2021, mlio ulianza saa mbili usiku mjini Yangon. Huko kugonga vyombo ni desturi ya kufukuza pepo wabaya, kwa hiyo majenerali walielewa wameitwa nini. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana. Nani hajaona mtoto shambani akigonga debe ndege wasishuke kwenye mpunga? Nzige walipoivamia Kenya kuanzia mwisho wa 2019, wanakijiji waliwakabili kwa sufuria zile zile. Machi 2023 zikaingia Nairobi katika maandamano ya kupinga gharama ya maisha, ingawa wengine walizivaa kichwani kama kofia ya chuma, matumizi ambayo Wachile hawakuyafikiria.

Wenye mamlaka huziona kero. Aprili 2023, Wafaransa waliokasirishwa na kuongezwa kwa umri wa kustaafu walimfuata Rais Emmanuel Macron na sufuria kila alikokwenda. Alipozuru mji mdogo wa Ganges, amri ilitolewa kupiga marufuku "vifaa vya sauti vya kubebeka". Polisi wakasimama njiani wakipekua mifuko na kutwaa vyombo vya jikoni.