Ukitaka Kumjua Kifaru, Anzia Kisogoni

Pembe ndiyo iliyomponza kifaru, na hata sisi tunaomsoma hutupotezea shabaha, kwa sababu macho yote huenda puani. Nafundisha anatomia ya wanyama, na wanafunzi wangu wakiletewa fuvu la kifaru huwaambia waligeuze kwanza. Waanze na kisogo.

Litazame la kifaru mweupe kwa ubavu. Sehemu ya juu ya kisogo imetokeza nyuma, ikapita kabisa pale fuvu linapoungana na shingo. Kwa umbo hilo, kichwa kikitulia kinainama chenyewe, pua karibu na ardhi. Huyu ni mla nyasi, kutwa ameinama. Kwenye ukingo huo mnene ndipo inapojishikiza misuli pamoja na kano kubwa ya shingo inayobeba uzito wa kichwa, na ndiyo maana mweupe ana nundu juu ya shingo. Sasa chukua la mweusi: fuvu ni fupi zaidi, kisogo kimesimama karibu wima, na kichwa hukaa juu, usawa wa vichaka anavyochuma majani. Mwaka 1934 Frederick Zeuner, mtaalamu wa visukuku, aliandika juu ya uhusiano huu wa umbo la fuvu na maisha ya vifaru, walio hai na waliotoweka. Kwa kisogo peke yake unaweza kukisia mnyama ambaye hakuna binadamu wa leo aliyemwona akila. Kifaru wa manyoya wa Ulaya na Siberia, kwa mfano, kisogo chake kimelala nyuma kama cha mweupe wetu, naye alikuwa mla nyasi.

Magego hayapingani na kisogo. Ya mweupe ni marefu, yana sementi (tabaka gumu la jino lenyewe), na husagika bapa, kwa kuwa nyasi na mchanga wake hula jino. Ya mweusi ni mafupi, yana kingo kali za kukatia vijiti. Mbele ya magego hayo hakuna kitu. Vifaru wote wawili wa Afrika hawana meno ya mbele. Kazi ya kuchuma imeachiwa midomo, mpana kwa mweupe, uliochongoka na wenye kushika kwa mweusi. Kifaru wa India ni habari nyingine: taya lake la chini lina meno mawili marefu ya mbele, na madume hujeruhiana vibaya kwa hayo kuliko kwa pembe.

Haya, tuje puani. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni keratini tupu, kitu kile kile cha kucha na nywele, nyuzi zilizobanana, na katikati imekolea kalsiamu na melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, ndiyo maana kiini ni kigumu zaidi na pembe huchongoka kadiri inavyosuguliwa. Mnyama akifa pembe huachana na fuvu au huoza. Kinachobaki ni alama: pitisha kidole gumba juu ya mfupa wa pua, utakuta kituta chenye vinundu vingi, kigumu, kama ganda la fenesi. Hapo ndipo pembe ya mbele ilipokaa. Ya nyuma huacha alama yake kwenye paji la uso. Ajabu ni kwamba mfupa huo wa pua unaning'inia hewani. Chini yake hakuna nguzo. Kifaru wa manyoya alikuwa na ukuta wa mfupa uliotenganisha matundu ya pua na kuushikilia. Pembe zake zilizopatikana kwenye barafu ya Siberia ni bapa ubavuni na zimelika upande wa mbele, na wengi tunaona alifagilia theluji ili afikie nyasi.

Vituta hivi ndivyo vinavyotuzuia kubuni hovyo. Elasmotheriamu, kifaru mkubwa aliyetoweka, ana kuba kwenye paji la uso, lakini pembe yenyewe haijawahi kupatikana, kwa hiyo ile mipembe mirefu ya kwenye michoro ni dhana. Paraseratheriamu, jitu la Asia lenye fuvu la kama mita 1.3, hana kituta chochote: alikuwa wa jamii ya kifaru asiye na pembe.

Linalonigusa zaidi liko karibu na nyumbani. Mimi ni mtu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1910 msafara wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, ulipiga kambi Rhino Camp, huko huko kwetu, wakati huo ikiwa ndani ya Lado, eneo la Wabelgiji, na mafuvu ya vifaru weupe yakapelekwa Washington. Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama, aliyachunguza, na mwaka 1913 akaandika kwamba mstari wa juu wa fuvu la kifaru mweupe wa kaskazini, yaani huyu wa kwetu, umenyooka zaidi, na meno yake ni madogo kuliko ya mwenzake wa kusini, ambaye fuvu limebonyea katikati. Mwaka 2010 mtaalamu wa uainishaji wa wanyama Colin Groves na wenzake walitumia tofauti za namna hiyo kudai kwamba hawa ni spishi mbili. Wengi bado wanawahesabu nususpishi, yaani makundi mawili ya spishi moja. Mimi naona fuvu linamuunga mkono Groves.

Kwa hiyo vifaru waliorudishwa katika hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, kuanzia 2005, ambao nafurahi kwa kila ndama wao, ni wa kusini. Wa kwetu walikwisha Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, afe katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwaka 2018 wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu.

Ndiyo maana nawaomba ndugu zangu wa Madi-Okollo, Arua na Yumbe: jembe likigonga fuvu kubwa shambani, msilivunje wala msiliuze. Kisheria ni mali ya kuripotiwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Kabla ya kulisogeza, weka rula kando yake, lipige picha ubavuni, kisogoni, na magego kwa karibu. Picha hizo tatu zinatosha kuanza kupima.